Jouli, Uniti na Gunia: Ubadilishaji wa Vipimo vya Nishati katika Mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na kupewa Vwawa kuwa makao makuu yake, ni miongoni mwa maeneo machache ya Tanzania ambako karibu kila aina ya nishati itumikayo nchini huonekana ndani ya mwendo wa siku moja. Wilayani Ileje yamo makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo, yaliyo chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710, ambalo lilianza kazi 1968 kwa kusafirisha mafuta ghafi na kugeuzwa kuwa bomba la dizeli mwaka 2023, huuvuka ukanda huu likielekea Ndola. Malori ya mafuta hupanga foleni Tunduma yakisubiri kuingia Nakonde, upande wa Zambia, na kuendelea hadi Kongo. Na maduka ya mjini Tunduma huuza paneli na betri za umemejua kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka. Makaa ya mawe huuzwa kwa tani, mafuta kwa lita, gesi ya kupikia kwa kilo, umeme kwa uniti, mkaa kwa gunia au kwa sado, kuni kwa mzigo na betri kwa ampea-saa. Vyote hivi hununuliwa kwa ajili ya nishati iliyomo, lakini ukiacha uniti ya umeme, hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachopima nishati yenyewe.

Hata hivyo, ubadilishaji wa vipimo vya nishati huhesabiwa na wengi kuwa somo dogo la hesabu, la kuzidisha na kugawanya, ilhali ndani yake zimo kazi tatu zisizofanana. Ipo kazi ya kubadili kizio kimoja cha nishati kuwa kingine, ambayo jibu lake ni moja popote duniani; ipo kazi ya kubadili ujazo au uzito wa kitu kuwa nishati, ambayo jibu lake hutegemea hali ya kitu hicho; na ipo kazi ya kubadili nishati iliyonunuliwa kuwa nishati iliyomfaa mtumiaji, ambayo jibu lake hutegemea jiko, injini au taa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba makosa mengi yanayogharimu fedha hayatokani na kizidishio kilichokosewa, bali na kuchukulia kazi ya pili au ya tatu kana kwamba ni ya kwanza.

Kizio cha nishati katika Mfumo wa Kimataifa wa Vizio ni jouli, ambayo ni kazi inayofanyika pale kani ya nyutoni moja inaposukuma kitu kwa umbali wa mita moja. Jina lake limetoka kwa James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa karibu na Manchester mwaka 1818, ambaye katika miaka ya 1840 alizungusha makasia ndani ya maji kwa uzito ulioshuka polepole, akapima kupanda kwa joto la maji hayo, na kuthibitisha kwamba kazi na joto ni kitu kimoja katika sura mbili. Mwaka 1850 alichapisha matokeo yaliyosema kwamba joto la kupandisha pauni moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti ni sawa na kazi ya futi-pauni 772. Kipimo cha leo ni takriban 778, kwa hiyo tofauti yake haikufika asilimia moja. Kabla ya Joule, joto lilikuwa na vizio vyake na kazi ilikuwa na vyake, wala hapakuwa na sababu ya kuvibadilisha. Kila jedwali la ubadilishaji linalotumika sasa lina msingi wake katika ugunduzi huo.

Vizio vya zamani havikufa, vilihamia kwenye taaluma na biashara zilizovizoea. Kalori, iliyokuwa joto la kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi, imebaki kwenye lishe na kwenye biashara ya makaa ya mawe. Kizio cha joto cha Waingereza, kifupi chake Btu, kimebaki kwenye gesi asilia na viyoyozi. Kilowati-saa, ambayo ndiyo uniti, imetawala umeme. Na tani ya mafuta linganifu hutumika katika takwimu za mataifa. Kilowati-saa moja ni jouli 3,600,000 kamili, yaani megajouli 3.6, kwa sababu wati ni jouli moja kwa sekunde na saa ina sekunde 3,600. Kiasi hicho ni sawa na kilokalori 860 hivi, au Btu 3,412. Kalori yenyewe ina matoleo mawili yanayotumika sana, la jouli 4.184 na la jouli 4.1868, na ingawa tofauti hiyo haifiki sehemu moja kwa elfu, mwandishi wa mkataba wa makaa ya mawe hana budi kutaja ni ipi aliyoikusudia. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye lishe, ambako kinachoitwa kalori katika mazungumzo ya kawaida ni kilokalori. Mtu mzima anayehitaji “kalori 2,500” kwa siku anahitaji kilokalori 2,500, ambazo ni megajouli 10.5 au uniti 2.9 za umeme. Kama zingekuwa kalori halisi, vijiko vichache vya uji vingemtosha kwa siku nzima.

Namba hizo zikishikwa vizuri, hufungua milinganisho ambayo macho hayawezi kuiona. Uniti moja ya umeme, ikitumika yote bila kupotea, ingeweza kupandisha magunia zaidi ya 2,400 ya kilo mia moja kutoka chini hadi kwenye bodi ya lori lenye kimo cha mita moja na nusu, kazi ambayo kikosi cha wapagazi wa Tunduma kingeifanya kwa siku kadhaa. Kimondo cha Mbozi, kilichopo kijiji cha Ndolezi na ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16, kinatoa mfano wa ajabu zaidi. Tukichukua tani 16 na kudhani kuwa kiliingia kwenye angahewa kwa mwendo wa kilomita 12 kwa sekunde, nishati ya mwendo wake ilikuwa takriban jouli trilioni 1.15, ambazo ni sawa na mlipuko wa tani 275 za baruti ya TNT au kilowati-saa 320,000. Kiasi hicho hicho cha nishati kimo ndani ya lita 32,000 za dizeli, yaani ndani ya lori moja la mafuta ambalo bado halijajaa. Malori ya namna hiyo husimama kwa makumi katika foleni ya mpakani pasipo mtu yeyote kuyaogopa, kwa kuwa kinachotisha katika kimondo ni kasi ya kutoa nishati na si wingi wake pekee.

Tofauti hiyo kati ya wingi na kasi ndiyo inayochanganya wasomaji wengi wa habari za umeme. Wati, kilowati na megawati ni vizio vya uwezo, yaani kasi ambayo mtambo hutoa au kutumia nishati. Kilowati-saa na megawati-saa ni vizio vya nishati iliyokwisha kutolewa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kama yote ingezunguka kwa uwezo wake wote mwaka mzima, ingezalisha gigawati-saa zipatazo 18,500, lakini matarajio ya uzalishaji wake yako karibu na gigawati-saa 6,000 kwa mwaka, theluthi moja tu, kwa sababu Mto Rufiji haujai sawasawa kila mwezi wala mahitaji ya umeme hayalingani usiku na mchana. Ndiyo maana mpango wa Tanzania na Malawi wa kujenga bwawa la umeme wa takriban megawati 180 katika bonde la Mto Songwe hauwezi kupimwa manufaa yake kwa namba hiyo peke yake. Mpaka itajwe idadi ya saa ambazo maji yataruhusu mitambo kuzunguka, megawati haziwezi kubadilishwa kuwa uniti.

Katika mashine za kusaga nafaka za Mbozi na Momba tatizo hilohilo hujitokeza kwa sura ya nguvu za farasi. Nguvu ya farasi moja ni wati 746 kwa kipimo cha Waingereza na wati 735.5 kwa kipimo cha metriki, hivyo injini ya nguvu za farasi 20 ina uwezo wa kilowati 15 hivi. Mwenye mashine anayetaka kuachana na dizeli na kuhamia umeme wa feizi tatu anaweza kununua mota ya kilowati 15 na kukadiria kwamba ikifanya kazi kwa mzigo kamili atalipa uniti 15 kwa saa, zaidi kidogo kwa ajili ya upotevu wa mota. Hesabu hiyo ni nyepesi na ni ya kuaminika. Isiyoaminika ni ile ya muuzaji anayesema mota hiyo “inakula uniti 15” bila kutaja ni kwa muda gani, kwani uwezo usio na muda hauwezi kulipiwa bili.

Betri za umemejua zimeleta mtego mpya, na soko lake lilipanuka wakati Zambia ilipokumbwa na ukame wa 2024 uliopunguza maji ya bwawa la Kariba na kuziacha nyumba nyingi, za Nakonde zikiwemo, bila umeme kwa saa nyingi za siku. Betri huandikwa ampea-saa, ambacho ni kipimo cha chaji ya umeme na si cha nishati. Ili kupata nishati ni lazima ampea-saa zizidishwe kwa volti: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2, ilhali betri ya volti 24 yenye ampea-saa zilezile ina mara mbili ya kiasi hicho. Betri ya asidi na risasi haifai kushushwa chini ya nusu ya chaji yake mara kwa mara, kwa hiyo mnunuzi wa uniti 1.2 huondoka na uniti 0.6 za kutumia kila usiku, wakati betri ya lithiamu humruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi. Vibetri vya kuchajia simu huandikwa miliampea-saa 20,000, namba inayovutia macho. Lakini chaji hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa volti 5 za waya wa kutolea, na nishati yake ni wati-saa 74. Lililo jema ni kwamba kanuni za usafiri wa ndege zimewalazimisha watengenezaji wengi kuandika wati-saa pembeni, na mnunuzi mwangalifu huitafuta namba hiyo ndogo badala ya ile kubwa.

Paneli nazo huuzwa kwa wati, na wati hizo ni za kilele, zilizopimwa maabara chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Katika sehemu nyingi za Tanzania jua la siku moja hukadiriwa kuwa kilowati-saa 5 hadi 6 kwa mita ya mraba, jambo linalomaanisha kwamba paneli ya wati 200 hutoa takriban uniti moja kwa siku nzuri, na pungufu ya hapo wakati wa mawingu ya masika.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi jua hilo ni mtambo ambao haujawahi kuingizwa kwenye takwimu yoyote ya nishati. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa huwekwa kwenye vichanja ikiwa na unyevu wa zaidi ya nusu ya uzito wake, na huanuliwa ikiwa na asilimia 11 hivi. Kilo 100 za kahawa mbichi yenye unyevu wa asilimia 53 hubaki kilo 53 baada ya kukauka, maana yake kilo 47 za maji zimegeuka mvuke. Na kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji megajouli 2.4 ili kugeuka mvuke katika joto la kawaida, jua limetoa walau megajouli 113, ambazo ni sawa na uniti 31 za umeme au zaidi ya lita tatu za dizeli. Hakuna risiti ya kiasi hicho, na kwa sababu hakina risiti, mkulima anayeshauriwa kununua mashine ya kukaushia hushtushwa na gharama ya kitu alichokuwa akikipata bure.

Kazi ya pili, ya kubadili lita na kilo kuwa jouli, ndiyo yenye mambo mengi zaidi, na Tunduma ni mahali pazuri pa kuisomea kwa sababu ya mwinuko wake. Lita moja ya dizeli ina takriban megajouli 36, petroli 32, mafuta ya taa 35. Kwa makadirio ya haraka, lita ya dizeli ni uniti 10 za joto. Hata hivyo lita ni kipimo cha nafasi, na mafuta hutanuka yakipata joto. Dizeli hutanuka kwa takriban sehemu 83 kwa kila laki moja kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo lori lililopakia lita 36,000 Dar es Salaam zikiwa na nyuzi 30, likifika katika baridi ya nyanda za juu na mafuta yakashuka hadi nyuzi 18, litakutwa na pungufu ya lita 360 hivi bila dereva kuiba hata kikombe kimoja. Uzito haukupungua, wala nishati. Kilichopungua ni nafasi. Kwa sababu hiyo biashara ya jumla husahihisha ujazo hadi jotoridi moja la rejea, aghalabu nyuzi 15 au 20, na karatasi za mzigo hutaja ujazo uliopimwa pamoja na ule uliosahihishwa. Kwenye pampu ya rejareja usahihisho huo kwa kawaida haufanyiki, kwa hiyo lita inayouzwa alfajiri ya Juni mjini Tunduma ina nishati nyingi kidogo kuliko lita ya mchana wa Januari jijini Dar es Salaam. Tofauti ni ya asilimia moja hivi, ndogo kwa mwenye bodaboda, lakini kwa msafirishaji wa malori kumi kwa wiki ni kiasi cha kugombaniwa, na magomvi mengi kati ya madereva na wenye mizigo yangeisha iwapo mzigo ungepimwa kwa uzito kuanzia mwanzo.

Makaa ya mawe yana ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa tani mbili kutoka shimo moja zinaweza kuwa na nishati tofauti kulingana na majivu na maji yaliyomo. Wafanyabiashara hutaja ubora kwa kilokalori kwa kilo, na makaa ya kilokalori 6,000 ni makaa ya megajouli 25.1 au uniti 7 za joto kwa kilo. Namba hiyo haina maana kamili mpaka ijulikane imepimwa katika hali gani: kama makaa yalivyopokelewa yakiwa na unyevu wake, kama yalivyoanikwa maabara, au kama yalivyokaushwa kabisa. Muuzaji hupenda kutaja hali kavu, mnunuzi hulipia tani yenye maji. Pamoja na hilo ipo tofauti kati ya thamani ya juu ya joto, inayohesabu pia joto lililofichwa katika mvuke wa maji unaotokea wakati wa kuungua, na thamani ya chini, inayoliacha joto hilo liende zake na moshi. Tofauti ya thamani hizi mbili ni asilimia chache kwa makaa ya mawe, asilimia 6 hivi kwa dizeli na 10 kwa gesi asilia, na mtu anayelinganisha gesi kwa thamani ya juu na makaa kwa thamani ya chini huwa ameshaipendelea gesi kabla ya hesabu kuanza. Mgodi wa Kiwira ulipojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980 uliambatana na mtambo wa umeme wa megawati 6. Mtambo wa ukubwa huo, ukifanya kazi mchana na usiku kwa ufanisi wa asilimia 25, ungehitaji tani zaidi ya 80 za makaa ya kilokalori 6,000 kila siku, na kama makaa yangekuwa ya kilokalori 5,000, karibu tani 100. Tofauti hiyo ya tani 17 hivi kwa siku haionekani popote katika megawati 6 zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo.

Kuni na mkaa, ambavyo bado ndivyo nishati ya kupikia ya kaya nyingi za Songwe, havina hata kipimo cha kuanzia. Mzigo wa kuni ni kiasi anachoweza kubeba mama mmoja kichwani. Gunia la mkaa huwa la kilo kadhaa zaidi au pungufu kwa kadiri muuzaji alivyolishonea kilemba, na lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeikataza katika mazao, imelizoea gunia la mkaa vilevile. Kwa anayenunua kwa sado hali si nafuu, kwani vipande vikubwa huacha nafasi za hewa na vidogo huziba. Na hata uzito ukijulikana, unyevu huvuruga: kilo ya kuni iliyokauka kabisa ina megajouli 18 au 19, yenye unyevu wa asilimia 20 ina 14, na iliyokatwa jana, yenye maji nusu kwa nusu, ina 8 tu, kwa kuwa sehemu ya moto hutumika kuyachemsha maji ya kuni zenyewe. Mkaa mkavu una megajouli 29 hivi kwa kilo, na kwa namba hiyo wengi huuona kuwa bora mara mbili ya kuni. Wanachokiacha ni tanuri: katika tanuri la udongo kilo moja ya mkaa hutokana na kilo sita hadi kumi za kuni, hivyo kilo saba za kuni zenye megajouli 98 hutoa mkaa wa megajouli 29, na asilimia 70 ya nishati huwa imeishia porini kabla gunia halijapakiwa kwenye pikipiki. Ubadilishaji unaoanzia sokoni husema mkaa ni bora. Unaoanzia kwenye mti husema kinyume.

Kazi ya tatu ni ya jikoni. Tunduma na Vwawa ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kuchemsha lita 5 kutoka nyuzi 20 huhitaji megajouli 1.57 ziingie ndani ya maji, kidogo kuliko pwani, lakini manufaa hayo ni ya uongo, kwani maharage yanayopikwa kwa nyuzi 95 huchukua muda mrefu zaidi kuiva na mwishowe hula nishati nyingi zaidi. Megajouli hizo 1.57 zitapatikana kwa uniti 0.55 za umeme kwenye birika lenye ufanisi wa asilimia 80. Kwa gramu 62 za gesi kwenye jiko lenye ufanisi wa asilimia 55, gesi ikiwa na megajouli 46 kwa kilo. Kwa gramu 270 za mkaa kwenye jiko la kawaida la asilimia 20, au gramu 155 kwenye jiko banifu la asilimia 35. Na kwa kilo nzima au karibu yake ya kuni kwenye mafiga matatu. Vizidishio vya kwenye vitabu huishia pale mlangoni mwa jiko, na ndani ya jiko ndimo namba hubadilika mara tano.

Bei ndizo huonyesha uzito wa jambo hili. Katika viwango vya umeme vilivyoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa matumizi ya kawaida, wa kundi la T1, shilingi 292. Zikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na ile ya EWURA ya asilimia 1, huwa shilingi 122 na 356. Megajouli moja inayoingia ndani ya chungu kwa ufanisi wa asilimia 80 humgharimu wa kwanza shilingi 42 na wa pili 124. Kwa kuwa kilo ya gesi huingiza megajouli 25 chunguni, umeme wa T1 na gesi hulingana pale kilo ya gesi inapouzwa shilingi 3,100 hivi, na umeme wa D1 na gesi hulingana pale kilo inapouzwa shilingi 1,070 hivi. Mkaa, kwenye jiko la asilimia 25, hulingana na umeme wa T1 ukifika shilingi 900 kwa kilo. Msomaji wa Tunduma anaweza kugawanya bei ya mtungi wa kilo 6 au wa kilo 15 kwa uzito wake na kujipatia jibu la mwezi huu mwenyewe, ilimradi asikadirie bei ya uniti kwa kugawanya fedha yote aliyoingiza kwenye LUKU, kwa sababu tangu 2021 humo hukatwa pia kodi ya majengo, ambayo haina jouli hata moja. Aidha, mteja wa D1 akumbuke kwamba uniti zake 75 huingiza chunguni megajouli 216 tu kwa mwezi, sawa na kilo 8.5 za gesi, na hapo hajawasha taa.

Ngazi ya taifa ina mizozo yake ya ubadilishaji, ambayo itatajwa kwa ufupi. Tani moja ya mafuta linganifu ni gigajouli 41.868, au uniti 11,630. Umeme wa maji wa gigawati-saa 6,000 ukibadilishwa moja kwa moja, kama lifanyavyo Shirika la Kimataifa la Nishati, ni tani 516,000 za mafuta linganifu. Ukibadilishwa kwa kuuliza ni mafuta kiasi gani yangechomwa katika mtambo wa asilimia 40 ili kupata umeme huohuo, kama yalivyofanya machapisho ya BP kwa miaka mingi, ni tani milioni 1.29. Maji ni yaleyale na mitambo ni ileile. Vivyo hivyo, kila tani milioni moja ya dizeli inayopita katika bomba la TAZAMA ina joto la gigawati-saa 11,900, karibu mara mbili ya uzalishaji unaotarajiwa wa mwaka mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere, lakini ikichomwa kwenye jenereta za ufanisi wa asilimia 35 hutoa gigawati-saa 4,200 za umeme, pungufu ya bwawa hilo. Mwandishi wa habari anayesema bomba hilo hubeba nishati nyingi kuliko bwawa, na mwenzake anayesema hubeba kidogo, wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, pamoja na agizo la taasisi zinazohudumia watu wengi kuacha kuni na mkaa, umeziingiza shule za bweni, vyuo na magereza ya Songwe katika kazi ya kulinganisha zabuni za gesi, umeme na mkaa mbadala wa makaa ya mawe ambao STAMICO huuza kwa jina la Rafiki. Zabuni zinazotaja bei kwa kilo au kwa uniti peke yake haziwezi kulinganishwa, na kamati ya ununuzi inayochagua kilo ya bei ndogo kuliko zote inaweza kuwa imechagua chakula cha gharama kubwa kuliko vyote. Kila mzabuni atakiwe kuandika thamani ya chini ya joto kwa kilo, unyevu uliopimwa, na ufanisi wa jiko litakalotumika, kisha bei zote zigeuzwe kuwa shilingi kwa megajouli iliyofika chunguni. Mizani, kipimajoto na sufuria ya maji vinatosha kuhakiki madai hayo hukohuko shuleni kabla ya mkataba kusainiwa.